Kabla simu haijakuambia uko Shishiyu: namna ishara za setilaiti zinavyofanyiwa mtihani

Mwanachuo mwenzangu, msimu wa mafunzo kwa vitendo ukifika wapo watakaopangiwa Simiyu. Tuchukue mfano wa kata ya Shishiyu, wilayani Maswa. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, na mashamba yake mengi hutenganishwa na mstari wa mkonge au minyaa. Kwingine hata mstari haupo, mpaka ni kumbukumbu ya wazee tu. Sasa mtendaji wa kijiji akisikia wewe ni mtu wa chuo, ataomba umsaidie kuchora ramani ya mashamba. Utasimama kwenye kona ya shamba, utafungua ramani kwenye simu, na itatokea nukta ya buluu na maandishi madogo: usahihi mita 3.

Mita 3 ni kitu gani? Shamba la ekari moja likiwa mraba, kila upande una kama mita 64. Upande mmoja ukisogea mita 3 tu, umemega au umeongeza mita za mraba zipatazo 190. Hapo panatosha kujenga nyumba, na choo kikabaki na nafasi. Majirani waliokuwa wakisalimiana vizuri kila asubuhi wanaweza kuanza kupelekana baraza la ardhi kwa sababu ya nukta ya buluu.

Kwa hiyo swali la makala haya ni dogo lakini lina uzito: hizo mita 3 zilipimwa na nani, wapi, na kwa mtihani gani? Ukilijibu vizuri utajua ni lini uiamini simu, na ni lini uiweke mfukoni.

Ishara yenyewe ni nini

Setilaiti za GPS huzunguka kilomita 20,200 juu yetu, na zile za Galileo, mfumo wa Ulaya, ziko kilomita 23,222. Setilaiti haijui ulipo. Kazi yake ni kutangaza mambo mawili: mahali ilipo yenyewe, na saa yake inasema nini. Simu hupima ishara imechukua muda gani kufika, kisha huzidisha muda huo kwa kasi ya mwanga. Ukipata umbali wa setilaiti nne au zaidi, unaweza kukokotoa mahali ulipo na pia kurekebisha saa ya simu yako, ambayo kusema kweli ni ya bei rahisi.

Mchezo wote, basi, ni wa muda. Katika nanosekunde moja mwanga husafiri sentimita 30. Ukikosea nanosekunde 10 tu, tayari umepoteza zile mita 3.

Ugumu ni kwamba ishara ikifika Shishiyu imechoka sana. Ndani ya upana wa masafa inayoutumia, nguvu yake iko chini ya kelele za kawaida za redio kwa takriban mara 50. Simu inaisikiaje? Waliokulia Usukumani watanielewa haraka. Kwenye mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, makundi mawili hupiga kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na watu wanapiga vigelegele. Lakini kama mdundo wa kundi lako unaujua kwa moyo, sikio lako litauokota katikati ya zogo lile.

Setilaiti nayo ina mdundo wake, unaoitwa msimbo. Msimbo wa kiraia wa GPS una vipande 1,023 vinavyojirudia kila milisekunde. Simu inao mfano wa msimbo huo na huusogeza mbele na nyuma ikiulinganisha na kinachosikika. Ukilingana sawasawa, jumla hupanda hadi 1,023. Usipolingana, jumla ni 63, au -1, au -65. Huko kupanda ghafla tukuite kilele. Kilele ndicho kinachoiambia simu ishara imefika saa ngapi, na mbunifu wa ishara, kwa kweli, anabuni umbo la kilele.

Sifa tano anazotahiniwa mbunifu

Ya kwanza ni ukali wa kilele. Kipande kimoja cha msimbo wa kiraia wa zamani, kwenye masafa ya L1, kina urefu wa mita 293 hivi angani. Kwenye masafa mapya ya L5 vipande vinakwenda haraka mara kumi, hivyo kila kimoja kina mita 29 tu. Kilele kikiwa chembamba ni rahisi kuonyesha ncha yake iko wapi.

Ya pili ni kuhimili mwangwi. Ishara hugonga paa la bati au jiwe kubwa, nayo yale mawe ya Usukuma unayajua, kisha inafika kwa simu ikiwa imechelewa kidogo. Kilele cha mwangwi hujibandika kwenye kilele halisi na kukivuta pembeni. Kilele kipana huvutwa mbali zaidi.

Ya tatu ni ujirani mwema. Masafa ya megahezi 1,575.42 yanatumiwa na GPS, Galileo na wengineo. Huwezi kubuni mdundo mtamu unaomziba mwenzako.

Ya nne ni kutodanganya. Mbinu mojawapo ya kukinoa kilele ni kuuzidisha msimbo na wimbi la mraba. Mbinu hii huitwa BOC. Nguvu ya ishara hugawanyika kushoto na kulia, na pale katikati panabaki nafasi kwa ishara ya zamani. Lakini huzaa vilele vidogo pembeni, na kwenye BOC(1,1) vina nusu ya kimo cha kile kikuu. Simu ikishika kilele cha pembeni ikadhani ndicho, umekwisha.

Ya tano ni gharama. Ishara pana inataka antena nzuri, hesabu nyingi na betri kubwa. Simu ya mwanafunzi anayesubiri bumu haina vyote hivyo.

Ukiziangalia sifa hizi utaona zinavutana. Ndiyo maana mazungumzo ya Ulaya na Marekani yalichukua miaka. Juni 2004 walitia saini makubaliano yaliyoweka BOC(1,1) kuwa msingi wa pamoja. Julai 2007 wakakubaliana kuiboresha iwe MBOC: sehemu 10 kati ya 11 za nguvu zinabaki BOC(1,1), na sehemu 1 inapewa wimbi la kasi zaidi, BOC(6,1). Mwenye kipokezi cha bei rahisi anasikiliza zile sehemu 10 na hapotezi kitu kikubwa. Mwenye kipokezi bora anatumia zote na anapata kilele kikali zaidi.

Mtihani una hatua

Hatua ya kwanza ni karatasi na kompyuta. Mbunifu anakokotoa kilele, anaongeza kelele na mwangwi wa kubuni, kisha anaona kosa ni mita ngapi. Hili ni zoezi la darasani. Wengi hufaulu, kwa sababu aliyetunga swali ndiye anayejibu.

Hatua ya pili ni maabara. Mashine ya kuigiza setilaiti inatoa ishara kupitia waya hadi kwenye kipokezi. Hapa unapima vitu ambavyo karatasi haivijui: ucheleweshaji ndani ya nyaya, vichujio visivyo kamili, vipaza nguvu vinavyopinda umbo la wimbi.

Hatua ya tatu ni angani, na hapa Afrika Mashariki iliingia. Tarehe 28 Desemba 2005 setilaiti ya majaribio ya Galileo, GIOVE-A, ilirushwa kutoka Baikonur. Tarehe 12 Januari 2006 ikaanza kutangaza. Haikuwa kwa ajili ya watumiaji. Ilikuwa ya kujaribu ishara na saa, na pia ya kuyatumia masafa ambayo Ulaya ilikuwa imeyaombea kabla muda haujakwisha. Mwenzake, GIOVE-B, alifuata tarehe 27 Aprili 2008 akiwa na saa ya haidrojeni, na ndiye aliyetangaza MBOC kutoka angani.

Ili kuzisikiliza, Ulaya ilitawanya vituo 13 vya vipokezi duniani. Kimoja kiliwekwa Malindi, pwani ya Kenya, kwenye eneo la kituo cha anga cha Italia. Ni kituo kilekile ambacho kutoka jukwaa lake la baharini setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya. Kwa hiyo mtu akikuambia mambo haya hayatuhusu, mwambie antena ilikuwa Malindi.

Kwa nini vituo vingi hivyo? Kwa sababu kituo kimoja hakiwezi kutenganisha makosa. Ukiona umbali umekosewa mita 2, je, ni saa ya setilaiti, ni njia yake, ni anga, au ni kipokezi chako? Vituo vingi vikiona kosa lilelile, la setilaiti. Kikiona kimoja tu, la hapo hapo. Kanuni hiyo uishike, tutaitumia Shishiyu.

Kuna jambo jingine la kuwatia moyo wanachuo. GIOVE-A ilipoanza kutangaza, misimbo yake ilikuwa haijachapishwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, wakiongozwa na Mark Psiaki, waliisikiliza ishara hiyo wakaing'amua misimbo wenyewe mwaka 2006. Hawakuhitaji kibali cha kurusha roketi. Walihitaji antena, kompyuta na hesabu.

Setilaiti nne za kwanza za Galileo halisi zilikamilika angani Oktoba 2012, na tarehe 12 Machi 2013 zilitumika kwa mara ya kwanza peke yake kupata mahali, kwenye maabara ya Noordwijk, Uholanzi.

Setilaiti iliyofeli ikiwa juu

Usidhani ukishafaulu maabara umemaliza. Machi 2009 Marekani ilirusha setilaiti ya GPS iitwayo SVN49, ikiwa imeongezewa kifaa cha kuonyesha ishara mpya ya L5. Aprili mwaka huo L5 ikasikika. Shangwe! Lakini wapimaji wa ardhini wakagundua kitu cha ajabu kwenye ishara ya zamani ya L1: kosa la umbali lilibadilika kadiri setilaiti ilivyopanda kutoka upeo wa macho hadi utosini.

Wakafuatilia. Kumbe jinsi kile kifaa kipya kilivyounganishwa, sehemu ya ishara ya L1 ilikuwa ikirudishwa ndani ya setilaiti yenyewe na kutoka tena ikiwa imechelewa nanosekunde kama 30. Yaani ni mwangwi, lakini si wa paa la bati. Umezaliwa hukohuko angani. Setilaiti ile haikuwahi kuwekwa kwenye huduma ya kawaida kwa watumiaji. Na hii haikuwa sapu ya kurudia Septemba. Chombo kikishakuwa kilomita 20,200 juu, fundi hapandi.

Somo lake ni kwamba kila sehemu inaweza kufaulu peke yake, ila mfumo mzima ukafeli zinapounganishwa. Ndiyo maana mtihani wa mwisho lazima ufanyike pale ishara inapotumika.

Anga letu lina swali gumu zaidi

Sasa turudi Simiyu, maana hapa ndipo ramani inapoleta jambo.

Juu ya kichwa chako, kuanzia kilomita 80 hivi hadi zaidi ya 1,000, kuna tabaka liitwalo ionosfia, ambalo Jua limeling'oa elektroni. Elektroni hizo huchelewesha msimbo. Wapimaji huzihesabu kwa kizio cha TECU, na kila TECU moja huongeza sentimita 16 kwenye L1. Zikifika 100, kosa ni mita 16 kwa setilaiti iliyo utosini, na zaidi kwa iliyo chini karibu na upeo wa macho.

Ungedhani tabaka hili ni nene zaidi palepale kwenye ikweta ya sumaku ya dunia. Sivyo. Mchana umeme na sumaku hunyanyua elektroni kwenye ikweta ya sumaku, kisha zinateremka pande mbili na kujirundika kwenye nyuzi kama 15 kaskazini na 15 kusini mwake. Kwa upande wetu wa Afrika ikweta ya sumaku haipiti Nanyuki wala Mbandaka. Inapita kaskazini zaidi, Ethiopia. Shishiyu, iliyo nyuzi kama 3 kusini mwa ikweta ya kawaida, inajikuta imeukaribia ule mrundikano wa kusini.

Halafu Jua likizama, tabaka huvurugika. Mapovu yenye elektroni chache hupanda, na ishara ikipita humo humetameta kama nyota: mara nguvu inapanda, mara inashuka ghafla, hadi kipokezi kinaipoteza. Hali hii hutokea hasa kuanzia saa 1 usiku hadi karibu usiku wa manane, zaidi katika miezi ya Machi na Septemba, na huzidi miaka ambayo Jua lina shughuli nyingi. Oktoba 2024 NASA na NOAA walitangaza kuwa Jua limefikia kipindi chake cha kilele. Watafiti hupima kumetameta huku kwa kipimo kiitwacho S4, na vyuo vikuu vya Nairobi na Maseno, nchini Kenya, vimewahi kuwa na vipokezi vya kazi hiyo.

Ona basi tatizo. Ishara inaweza kufaulu vizuri sana Noordwijk, ambako ionosfia kwa kawaida ni tulivu, kisha ikatoa jasho Maswa saa 2 usiku. Mbunifu hakuwa mzembe. Ila mtihani wa Uholanzi hauna swali hili.

Dawa ipo, ingawa si kamili. Ucheleweshaji hutegemea masafa: kwenye L5 ni mara 1.79 ya ule wa L1. Simu inayosikia masafa yote mawili inalinganisha, inajua elektroni ni ngapi, na inafuta sehemu kubwa ya kosa. Simu ya kwanza ya namna hiyo, Xiaomi Mi 8, ilitoka mwaka 2018. Lakini masafa mawili hayaponyi kumetameta. Ishara ikipotea, imepotea.

Zoezi la Shishiyu

Tangu Android 7, ya mwaka 2016, simu nyingi zinaruhusu programu kusoma vipimo ghafi vya setilaiti. Kwa hiyo unaweza kutahini mwenyewe.

1. Tafuta bikoni ya wapima ardhi yenye namba zinazojulikana. Ukiikosa, tumia jiwe lisilohama, lakini ujue hapo utapima mtawanyiko tu, si ukweli.
2. Weka simu palepale na kwa kimo kilekile. Rekodi dakika 30 saa 11 alfajiri, dakika 30 saa 8 mchana, na dakika 30 saa 2 usiku.
3. Rudia mita moja kutoka ukuta wa nyumba ya bati.
4. Tafuta wastani. Umbali kati ya wastani na bikoni ni upendeleo. Namna nukta zilivyosambaa kuuzunguka wastani ni mtawanyiko. Nukta zinaweza kukusanyika vizuri kabisa mahali ambapo si penyewe.
5. Panga makosa 100 kutoka dogo hadi kubwa, kisha soma la 95. Hilo ndilo la kumwambia mtendaji.
6. Rudia kesho yake, ukianza dakika 4 mapema, kwa sababu setilaiti za GPS hurudi kwenye nafasi zilezile angani dakika 4 hivi kabla ya saa ya jana. Kosa la GPS likijirudia kwa umbo lilelile, ni mwangwi wa bati. Lisipojirudia, shuku ionosfia.

Sasa tunaweza kuzijibu zile mita 3. Kwenye Android, namba hiyo ni nusu kipenyo cha duara ambalo simu inakadiria umo ndani yake kwa uwezekano wa asilimia 68. Maana yake, takriban mara moja kati ya tatu uko nje ya duara. Na aliyekadiria ni simu yenyewe. Amefanya mtihani, amejisahihishia, na amejipa alama.

Ufanye nini kijijini

Tumia simu kwa mchoro wa awali: shamba la nani liko upande gani, njia ya ng'ombe inapita wapi, kisima kiko wapi. Hapo inafaa sana. Mpaka wenyewe utembee na majirani wote wawili mkiwa pamoja, mkubaliane kwa miguu kabla ya kukubaliana kwa namba. Hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inamlinda mtu kwa miaka mingi, na simu yako utaibadilisha kabla ya mhula wa tatu.

Penye mgogoro aitwe mpima mwenye vipokezi viwili, kimoja kwenye bikoni na kingine kinachotembea. Makosa ya anga yanayowapata wote wawili hufutana, na wimbi lenyewe la L1, lenye urefu wa sentimita 19, hutumika kupata usahihi wa sentimita. Naye afanye kazi asubuhi. Jioni, anga la Simiyu linaweza kumkatisha hata yeye.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kipande cha msimbo chenye mita 29 huhimili mwangwi wa mbali kuliko chenye mita 293?
2. Ionosfia ikiwa na TECU 60, kosa la utosini ni mita ngapi kwenye L1, na ngapi kwenye L5?
3. Nukta zako zote ziko ndani ya mita 1, lakini bikoni iko mita 5 pembeni. Taja sababu mbili, na useme utazitenganishaje.

Swali la tatu ndilo utakaloulizwa na mtendaji, kwa maneno yake mwenyewe, ukiwa umesimama kati ya majirani wawili.